Vidole vya Kaka Vinawasha

Chumba cha juu,
Nyuma ya karakana ya mbao,
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Huku tu wazima, ila mimi nimefura, na sababu ni wewe. Naandika kwa kuwa kwenye simu hunipi nafasi ya kusema.

Nani alikutuma umwambie kaka kwamba mimi naotesha mikono? Tangu msumeno umkate kiganja chote cha kushoto, alikuwa ameanza kukubali kwamba hakirudi. Sasa hospitali imemtengenezea mkono wa bandia, akavalishwe mwisho wa mwezi, na bwana mkubwa hataki kuusikia. Ati ukifunika kigutu, utazuia mkono halisi kuchipua! Na bila huo wa bandia karakana haimrudishi kazini.

Mimi nafuga salamanda, Shangazi, vinyama kama mjusi vyenye ngozi ya chura. Hao ndio huota miguu. Mishipa ya fahamu ikifika kwenye kidonda, seli hupata amri, zikagawanyika na kugawanyika mpaka mguu ukatimia. Nikiikata mishipa begani, kidonda hufunga tu, kikabaki kigutu. Hata hayo yananitoa jasho. Mwenzangu wa maabara, kwa uvivu wa kuosha mabeseni, kawachanganya wote pamoja, wakatafunana! Sijui tena mguu upi nimekata mimi na upi umeng'atwa. Nusura niangue kilio.

Jana nilimpeleka kaka maabara ajionee, nikidhani nammaliza ubishi. Akamtazama yule salamanda mwenye kigutu.

"Huyu mbona hajaota?"

"Nimemkata mishipa."

Uso ukamng'aa, mara ya kwanza tangu ajali. "Basi mimi ninayo. Vidole vinaniwasha kila siku. Vinakuja."

Nikamweleza kwamba mwasho huo ni mishipa iliyokatwa, bado inaleta habari za mkono usiokuwepo, na kwamba seli za binadamu haziitikii amri ile. Akanipigapiga begani kwa mkono uliobaki, akaniambia nisikate tamaa na kazi.

Jamani, nimechoka! Mimi haniamini. Wewe anakuamini. Mpigie, umwambie kwa kinywa chako kilekile kwamba hautaota.

Msalimie mumeo, na binamu yangu Domo. Mungu akuponye goti.

Nimefungua dirisha sasa hivi. Kaka amefua glavu yake ya kushoto, ameianika kwenye kamba.

Mwanao akupendaye, hata leo,
Daktari wa Mijusi