Taarifa Mbili za Msitu Mmoja

Mpendwa Bi Mshauri, shikamoo. Naomba uniokoe kabla ya Jumamosi maana moyo unanienda mbio na sijui ni furaha au hofu, mie ni karani wa kupiga chapa, nakaa Temeke, mwezi uliopita mkubwa wangu Bwana Alfonsi alinichukua tukahesabu wanyama katika msitu mmoja kupita Gongo la Mboto, akaingia saa saba mchana jua kali, akaona kima wawili, akasema, "Andika, wanyama wamekwisha, pafyekwe tupande mikorosho," akarudi mjini akaniacha niandikishe wanakijiji, ndipo nikakutana na Bi Tabu Pazi, ambaye ukoo wake wa Kizaramo umeutunza msitu ule tangu enzi za mababu, akaniambia, "Mwanangu, nani anabisha hodi watu wamelala? Njoo alfajiri."

Nilikwenda alfajiri mara nne! Nimeona mbega kumi na tisa wakiruka juu kwa juu, nimeona paa na mwanawe, na sange, yule mdogo wa pua ndefu kama kimkonga, akanipitia mguuni nikapiga yowe, Bi Tabu akacheka mpaka akakaa chini, yeye anataja mie naandika.

Sasa nakiri, Bwana Alfonsi alishatia sahihi ukurasa wa mwisho wa taarifa yake, nami nimezichomoa kurasa zake nikaweka hesabu yetu, bahasha ya kwenda kikao cha wilaya cha Jumamosi iko mezani kwangu. Niiache iende?

Apolonia

Marahaba, Apolonia. Umenifurahisha, kisha ukanipandisha hasira. Huko ni kughushi, mwanangu! Bi Tabu kakufundisha kuona, nawe ukweli wake unaupitisha mlango wa uani, chini ya sahihi ya mtu ambaye hakuona kitu? Akigundua, kazi huna, na mbega wote kumi na tisa wataitwa uongo wa karani.

Rudisha kurasa zake leo hii. Mwambie usoni, kwa adabu, mlichokiona. Akikunja uso, muache akunje. Panda basi, mpelekee Bi Tabu hesabu yake, aweke dole gumba, mwenyekiti wa kijiji atie sahihi, waifikishe wilayani wao wenyewe. Wadai wajumbe waingie msituni alfajiri kabla ya kukata shauri. Na mimi mniite, huyo sange sijamwona maisha yangu.

Siku ya kikao usisimame kusema. Mwenye msitu yupo na mdomo anao. Mpishe Bi Tabu kiti cha mbele, wewe shika kalamu.