Mume Wangu Ameipaka Skrini Kijani

Shikamoo Shangazi. Nisaidie, maana nina furaha mpaka naona haya, na nina hofu mpaka chakula hakipiti. Nimeolewa juzijuzi na mwanamume ambaye sijui nilitenda wema gani nikapewa, ananiletea chai kitandani, anaipiga pasi sare yangu kabla ya yake, na tukiachana getini kazini tunaagana kwa muda mrefu hadi wenzetu wanauliza kama humo ndani kuna bahari ya kuvuka.

Tuko kiwanda kimoja cha sabuni, mimi nakaa chumba cha kuongozea mitambo nikitazama skrini, yeye ndiye fundi aliyeunganisha mashine zote na kompyuta. Zamani kila mashine ilisema lugha yake, ya kuchanganya sabuni haielewani na ya kuifunga, sasa zote zinapeleka habari kwa lugha moja, na kila namba inayofika hubeba alama ya kusema kama ni ya kuaminika, na ikiwa nzima huwa kijani. Kebo ikilegea, namba ya mwisho hubaki palepale lakini inageuka njano, nasi tunajua hiyo ni ya zamani, tusiitegemee.

Meneja anaichukia njano. Tulipoomba likizo ya fungate alimwambia mume wangu, "Bwana harusi, skrini ikiwa safi utakwenda, ikiwa na manjano fungate utaila humuhumu na boila." Sasa kebo ya boila, tangi letu la kuchemshia mvuke, ilikuwa imelegea, na kuikaza lazima boila izimwe na kazi isimame, basi mume wangu kwa kunipenda akaipanga programu ionyeshe kijani kwa kila namba, nzima na mbovu, akaniambia tukirudi atatengeneza. Tukaenda, Shangazi, sitakusimulia, nilikuwa malkia. Tuliporudi meneja akamsifu mbele ya watu na kumwahidi ukuu wa mafundi, na kutengeneza kukawa kesho, kesho.

Jana presha ya boila kwenye skrini ilisimama kwenye namba ileile asubuhi nzima, haipandi haishuki, nami nikasikia vali ya usalama, ile ya kutolea mvuke ukizidi, ikipiga mluzi. Mwangalizi wa boila ni mjomba wangu aliyenilea. Nikampigia simu ya ndani, akanijibu, "Mwanangu, vali imezeeka kama mimi, inalialia tu. Hata huku skrini ni kijani." Nikakata simu bila kumwambia ukweli.

Mchana nikamwambia mume wangu.

"Vali si ipo? Ndiyo kazi yake hiyo."

"Na ikikwama?"

"Mke wangu, ukifungua mdomo nafukuzwa. Ndivyo unavyotaka?"

Akanishika mkono, na wake ulikuwa wa baridi. Nikisema, namwangusha mume aliyekosa kwa ajili yangu. Nisiposema, mjomba yuko pale pale mbele ya boila. Nifanyeje?

Bibi Harusi Mwenye Hofu

Shangazi anajibu:

Marahaba, bibi harusi, na hongera. Ujumbe wako nimeusogeza mbele ya wote waliotangulia kuandika, watanisamehe.

Mumeo anakupenda, sina shaka. Lakini fungate yenu ameiwekea rehani ngozi ya mjomba wako, na mjomba hakuulizwa. Wewe nawe umemsikia mzee akisingizia uzee wa vali, ukameza mate. Hayo usiniitie mapenzi. Na huyo meneja anayegombana na rangi badala ya kebo, siku yake ipo.

Sasa mpigie mjomba kabla sijamaliza kusema. Mwambie namba ya kwenye skrini ni ya uongo, asome geji, kile kipimo cha mshale kilicho kwenye boila yenyewe, na ikiwa imepita mstari mwekundu azime moto bila kumngoja mtu. Hapo hujamtaja mumeo. Kisha mwambie mumeo kwamba leo hii mnakwenda kwa meneja, boila izimwe, kebo ikazwe, alama zirudi, njano iwe njano. Aseme kwa kinywa chake, kwani kosa lililosemwa na mwenyewe lina pa kushikia. Akikataa, nenda peke yako, ila umwambie usoni kwamba unakwenda, usimzunguke.

Anaweza kufukuzwa, sikudanganyi. Atanuna, mtagombana, mtaishi kwa kubanabana, na ndoa nyingi zimepita hapo zikasimama. Lakini mjomba akiungua, mtatazamana kila siku kila mmoja akijua, na kwa hilo mimi sina ushauri.

Wimbo uliokuwa ufuate hapa hewani nimeusimamisha. Vyumba vya boila, nivijuavyo, havikosi redio. Basi wewe mzee uliyeketi mbele ya boila, popote ulipo, kama vali inapiga mluzi na skrini inakuambia ni shwari, iache hiyo skrini. Inuka, ukasome geji kwa macho yako.

Tunakungoja.