Vibao vya Njano vya Mdogo Wangu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Sisi huku hatujambo. Baba Chiriku anakusalimu sana. Mjukuu wako Chiriku naye anakusalimu, ingawa siku hizi hasemi sana, na sababu yake utaikuta huko mbele.

Barua hii anakuletea mdogo wangu, maana shule imefungwa na anakuja kupumzika kwako. Tangu aje kukaa nasi na kupewa darasa linalopakana na langu, hukuacha kuniuliza kama kazi anaiweza, nami nilikuwa nakujibu kwa mkato. Leo nakujibu sawasawa: anaiweza, na inaniuma.

Mimi nafundisha maumbo kama nilivyofundishwa. Naandika ubaoni, watoto wanaimba kitako mara kimo, nafuta, tunaendelea. Yeye alikuja na sanduku la vibao vya mbao vilivyopakwa rangi ya njano. Anatandika mkeka sakafuni, anamkalisha mtoto, anampa msambamba, lile umbo lililoinama upande, likiwa limekatwa vipande viwili. Hasemi kitu. Mtoto anahangaika, anageuza, mwisho anaitoa pembetatu ya upande huu na kuipeleka upande wa pili, na hapo hapo anapata mstatili! Kelele za furaha zinafika hadi kwangu, na watoto wangu wote wanageuza shingo dirishani. Mama, nilianza kufunga dirisha na joto lile lote.

Chiriku ni mwanafunzi wangu, lakini kila mapumziko alikuwa kwenye mkeka wa mama yake mdogo. Nyumbani akawa hakioni kipande cha karatasi bila kukikata. Jioni moja aliikata hata kalenda ya baba yake, akahamisha pembetatu, akaniambia hakuna kilichopungua, kimehama tu. Kisha akaomba muhula ujao ahamie darasa la mama mdogo. Baba yake akasema ni wazo zuri. Mimi nikasema tutaona, huku moyo unachemka. Nimemzaa, nimemfundisha kushika kalamu, leo mtu aliyekuja juzi na sanduku la mbao ananinyang'anya!

Nikajiona nami nina akili. Niliunganisha vijiti vinne kwa pini, vikawa mstatili, nikaingia navyo darasani kwa mbwembwe. Nikausukuma, ukainama, ukawa msambamba. Nikawatangazia watoto kwamba eneo ni lile lile, maana vijiti ni vile vile. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Chiriku alinyoosha mkono akasema sivyo, hapo hakuna kipande kilichohama, kimo ndicho kilichoshuka. Akaniomba niendelee kusukuma. Nikasukuma mpaka vijiti vikalaliana, na ndani hapakubaki hata nafasi ya kupitisha uzi. Darasa zima likacheka. Lile la jirani nalo likacheka, kwa sababu siku hiyo dirisha nilikuwa nimelifungua makusudi ili mdogo wangu asikie.

Yeye hakucheka. Alikuja mlangoni akawaambia watoto kwamba somo langu ni zuri kuliko lake, kwani sasa hawatalisahau. Naamini alisema kwa mapenzi. Lakini mwenye wivu ana masikio yake, na mimi nilisikia dharau.

Sasa lile zito, Mama. Jioni ile nilimwambia Chiriku kwamba mama mdogo hamtaki darasani kwake, kwamba amechoka na maneno yake mengi. Si kweli. Nilitunga mwenyewe. Mtoto hakulia. Aliokota vipande vyake vya karatasi akavitupa. Tangu hapo hagusi mkasi, hakanyagi mkeka ule, na mezani anahama kiti asikae karibu na mama yake mdogo. Mdogo wangu alinifuata jikoni, macho yamemlowa, akaniuliza amemkosea nini mwanetu. Alisema mwanetu. Nikamjibu watoto ndivyo walivyo, nikaendelea kukata vitunguu, nikashukuru kwamba vinatoa machozi.

Chiriku nimeshamwambia ukweli asubuhi hii, nimepiga magoti kando ya kitanda chake. Amegeukia ukutani. Kwa mdogo wangu ulimi umekataa kabisa; kila nikimwita nimwambie, naishia kumwagiza chumvi. Ndiyo maana bahasha hii sikuigundisha. Unakumbuka enzi zile, hakuna barua iliyopita mkononi mwake bila kusomwa, na viboko vyako havikusaidia kitu. Akifika macho yamevimba, usimuulize. Mpe maji, umwache apumzike.

Na wewe unayesoma kabla ya mwenyewe, nisamehe mdogo wangu. Wivu bado ninao, sitakudanganya. Lakini shule ikifunguliwa, mtandikie Chiriku mkeka, ni mwanafunzi wako. Ila usimfundishe kila kitu. Mwachie mama yake kitu kidogo.

Mama, wasalimu majirani wote, na goti ulikande kila jioni.

Ni mimi, binti yako mkubwa,
na dada yako.