Saa Nne ya Nasimiyu

Alhamisi, asubuhi. Mvua imepungua lakini haijakatika. Bahari imerudi mahali pake, na rangi yake leo ni ya chai ya maziwa.

Naandika nikiwa ghorofani, katika mji mdogo wa pwani ya Meksiko ambao hata baadhi ya wenyeji wa nchi hii huuliza uko wapi. Shati nililoanika juzi bado ni bichi. Sukari imegeuka uji ndani ya kopo. Ninyi mliozoea kusoma shajara hii nikiiandika kutoka mtaa wa Kabiria, Nairobi, nikilalamikia sauti ya msumeno wa kaka yangu seremala inayoingia dirishani, mnisamehe. Hapa hakuna msumeno.

Kaka yangu Wekesa amefariki.

Nilikusudia kuanza na maelezo, kama ilivyo kawaida yangu, lakini hilo limetangulia lenyewe. Sasa nieleze.

Mke wangu alipofariki mwaka jana, binti yetu Nafula alisema nyumba ile ya Kabiria itanimaliza. Yeye anafanya kazi katika mji mkubwa wa huku, safari ya nusu siku kwa basi kutoka hapa nilipo. Akanitafutia chumba hiki kando ya bahari, akidhani hewa ya chumvi itanisahaulisha. Kazi yangu ya uzeeni ni kusahihisha vitabu vya Kiswahili vya watoto kabla havijachapishwa. Ofisi iko katikati ya Nairobi, lakini kurasa huja na kurudi kwa mtandao, kwa hiyo naweza kuifanya popote penye umeme. Nafula alifikiria kila kitu isipokuwa majira. Nilifika msimu wa dhoruba ukianza.

Mwenye nyumba, mama mmoja wa rika langu anayeitwa doña Lupe, ndiye aliyenifundisha kazi za msimu huu. Nazi zote huangushwa mapema, kabla upepo haujazirusha kama mawe. Tangi la maji la juu ya paa hufungwa kwa kamba. Viti vya nje huingizwa ndani na ndoo hujazwa maji. Nilimsaidia, kisha nikarudi mezani kwangu kutafuta ngeli zilizokosewa. Hunicheka kwa sababu nimeiweka meza ikitazama ukuta badala ya bahari.

Wao wana neno lao, ahorita. Ukiwauliza fundi wa umeme anakuja lini, wanasema ahorita. Huenda ikawa sasa hivi, huenda ikawa kesho, huenda ikawa kamwe. Nilimwandikia Wekesa kuhusu neno hilo, nikijisifu kwamba sisi tunaojua saa ni nini tumepata taabu kuishi na watu hawa.

Niliandika hivyo kabisa. Sisi tunaojua saa.

Kaka alikuwa mgonjwa wa figo kwa muda mrefu. Nilipoondoka aliniambia niende, nisikae kumtazama kama mtu anayengoja basi. Mwezi huu walimruhusu kutoka hospitalini, akarudi nyumbani Kabiria, na bintiye Nasimiyu akaacha kazi yake ya duka la simu kwa muda ili amtunze. Nasimiyu aliniambia kwamba asubuhi baba yake huwa na nguvu kidogo, lakini akishameza dawa za mchana hulala na kuamka hajui yuko wapi.

Hilo aliniambia. Nililijua.

Sasa niwaeleze jambo ambalo wengi wenu mnalijua, lakini nivumilieni. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza, kwa hiyo saa nne ya asubuhi yetu ndiyo ile ambayo simu huiandika kuwa kumi. Vijana wa Nairobi husoma namba kwenye simu na kuipachika tu mbele ya neno saa. Nasimiyu ni mmoja wao. Amekuwa akiniandikia “tuonane saa 10” huku akimaanisha saa nne asubuhi, na miaka yote nimekuwa nikimrudisha.

“Saa kumi ni jioni, binti yangu. Unataka nikae hapo kutwa nzima?”

“Baba mdogo, simu yangu haijui Kiswahili,” hunijibu, kisha anacheka.

Jumamosi iliyopita, doña Lupe na mimi tukiwa tunagongomea mbao madirishani, ulifika ujumbe wake. Nitaunakili ulivyokuwa: “Baba anataka kuzungumza nawe kesho saa 4. Asema ana neno lake nawe. Tafadhali usikose.”

Kati ya hapa na Nairobi kuna tofauti ya saa tisa, na wao ndio walio mbele. Ikiwa ni saa nne ya asubuhi, basi kwangu ingekuwa saa saba ya usiku. Ikiwa ameandika kwa mazoea yake, kwa kusoma simu, basi alimaanisha saa kumi ya jioni, na kwangu ingekuwa saa moja asubuhi, nikiwa nimeoga na kunywa kahawa. Nikatabasamu. Nikasema moyoni, huyu mtoto hataacha. Nikamwandikia: “Sawa, nitapiga.”

Sikuuliza. Neno moja tu lingetosha: asubuhi au jioni?

Nikiwa mkweli, na shajara isiyo ya kweli haina maana, nilichagua saa iliyonifaa. Nilizima simu ili isiishe chaji, maana umeme wa hapa hukatika upepo ukianza tu, nikalala usingizi mzuri.

Dhoruba iliingia kabla ya alfajiri. Sitaieleza sana. Ilikuwa sauti moja isiyopumua, na nyumba ikawa inatetemeka kama mtu mwenye homa. Saa moja asubuhi niliwasha simu, nikakaa kitandani nikiwa nimevaa shati la kola kwa ajili ya kaka yangu. Hakukuwa na mtandao. Nilipiga na kupiga. Nikasema, basi, atanielewa, ni dhoruba, si mimi.

Siku tatu hatukuwa na mtandao wala umeme. Tulikula maharagwe na chapati zao za mahindi. Kaa wa baharini walivuka barabara kwa mamia. Daraja la njia ya uwanja wa ndege lilizolewa na mto.

Jana asubuhi simu ikapata uhai, na ujumbe wote wa Nasimiyu ukaingia kwa mfululizo, mmoja baada ya mwingine, kwa dakika moja.

“Baba mdogo tuko tayari. Ameomba anyolewe ndevu kwanza.”

“Tunakungoja.”

“Uko?”

“Ni saa nne na nusu sasa.”

“Saa tano. Amekataa kumeza dawa mpaka aongee nawe, asema zitamlaza.”

“Amekubali dawa. Amelala.”

Halafu wa Jumatatu: “Piga ukiona hii tafadhali.” Halafu mwingine wa Jumatatu hiyohiyo, jioni yao, ambao sitaunakili.

Niliusoma ule wa kwanza wa Jumamosi tena. Kuzungumza nawe. Asema. Usikose. Hapakuwa na neno hata moja la mtaani. Mtoto alikuwa ameketi, na baba yake mgonjwa kando yake, akaniandikia Kiswahili safi kuliko chote alichowahi kuniandikia, na saa akaiweka sawasawa, kama nilivyomfundisha.

Mara hii aliandika sahihi, nami nikamsahihisha.

Doña Lupe alipanda ngazi aliposikia sauti yangu. Aliuliza, “¿Hermano?” kwa maana alijua nina kaka, nikamwitikia neno hilohilo. Aliketi kwenye ngazi, akavua viatu, akakaa nami mpaka mchana.

Kisha nikampigia Nasimiyu. Hapa ndipo penye jambo lililonifanya nifungue ukurasa huu leo, na lingekuwa rahisi kulinyamazia.

Alilia, nami nikalia. Akanieleza jinsi walivyomkalisha dirishani Jumapili ile na sweta yake ya kahawia. Akasema kitu kimoja kinamuumiza kuliko vyote, kwamba siku ile baba yake akili zilikuwa zimeanza kumtoka.

“Alikuwa anaongea mambo ya mbuzi, Baba mdogo. Kila saa ananiuliza, ‘Mbuzi ameshazaliwa?’ Baadaye anauliza, ‘Ameshakua?’ Mbuzi gani? Hatujawahi kufuga mbuzi Kabiria. Nikajua hayuko tena.”

Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, sauti aliyokuwa nayo alipokuwa akiniletea daftari:

“Ni mimi niliandika saa vibaya tena, eh?”

Nami, mwalimu wa miaka thelathini, nikamjibu: “Si kitu, mama. Yamepita.”

Nikamsamehe.

Nimelitazama hilo neno tangu jana. Nilimsamehe mtoto aliyefiwa kwa kosa langu mimi, naye akanishukuru.

Leo asubuhi kuna ujumbe wake mpya. Kaka alikuwa amekataza asiwekwe mochari siku nyingi, kwa hiyo kesho wanaondoka Nairobi na mwili, na mazishi ni Jumamosi nyumbani Bungoma. Mimi sitafika. Daraja halipo, na Nafula amezuiwa na maji upande wake kama mimi upande wangu. Watanishikia simu kaburini ili niseme maneno mawili kama ndugu wa marehemu. Ameandika: “Ni saa 8 mchana, yaani saa nane ya Kiswahili, yaani 2 kwenye simu, yaani kwenu saa 11 alfajiri, yaani 5 kwenye simu. Nimeangalia mara tatu Baba mdogo. Pole kwa ile ingine.”

Mara tano ameiandika saa hiyohiyo.

Sijui kaka alikuwa na neno gani nami. Nasimiyu alimuuliza, akajibiwa kwamba ni la watu wawili. Huenda lilikuwa kubwa, huenda alitaka tu kunicheka kuhusu dhoruba. Sitalijua, na nisijidanganye kwamba umri utanifundisha kulizoea.

Lakini la mbuzi nalijua. Jumapili nyingi tulikutana Kenyatta Market kula nyama choma, yeye akitoka karakana yake na vumbi la mbao nyusini, mimi nikitoka ofisini mjini. Mwenye kuchelewa alikuwa mimi, kila mara, nikiwa na karatasi za kumalizia. Naye alikuwa akinipokea kwa maneno yaleyale, kwa sauti ya kusikika na meza ya tatu: “Mwalimu! Mbuzi amezaliwa, amekua, amechinjwa, amechomwa, na wewe bado uko tauni!” Tauni yake ni mjini, si maradhi.

Hakuwa ametokwa na akili. Alikuwa amekaa dirishani, amenyolewa, ananicheka kwa kuchelewa.

Basi nimeketi tangu kucha nikiandika na kufuta ujumbe mmoja. Wa kwanza ulikuwa na aya tano na maelezo ya majira ya dunia. Niliufuta. Wa pili ulisema dhoruba ndiyo iliyosababisha, na kwa kweli dhoruba haikuwa imefika saa ile. Niliufuta huo pia.

Nilioutuma ni huu: “Nasimiyu, uliandika sawa. Saa nne ilikuwa saa nne. Mimi ndiye niliyeisoma vibaya, kwa kuwa sikuamini kwamba umejifunza. Jana nilikuacha ubebe kosa langu, nisamehe. Na baba yako alikuwa mzima wa akili mpaka mwisho. La mbuzi ni utani wetu wa Kenyatta Market. Jumamosi mazishini mwulize yeyote anayetujua sote wawili, atakucheka. Saa nane nitakuwepo. Ungeandika saa nane tu, ningeelewa.”

Kwao sasa jua linatua. Wako kwenye matanga, uani, karibu na karakana iliyofungwa.

Kando ya ujumbe kuna alama moja tu, ile ya kuonyesha kwamba umeondoka kwangu lakini bado haujamfikia. Mtandao wa hapa bado unakuja na kupotea. Nimeigeuza meza ili nikae penye dirisha, mahali simu inaposhika vizuri, na nimenyoa ndevu.

Nangoja alama ya pili.