Mtasema Alipoingizwa Joshoni

Shikamoo Baba,

Najua hutaitikia, lakini sikujua nianzeje bila kukuamkia. Nimekaa jikoni, Kabula amelala mgongoni. Mwandiko nivumilie, darasa la nne ulilonipa ndilo hilo hilo.

Tangu tukuzike, mbwa wako Mtasema ninaye mimi. Alikataa kuondoka pale kwako. Ikabidi Baba Kabula amfunge kwenye gunia, kichwa nje, ampakie kwenye baiskeli, watu wa Segese wakicheka njia nzima. Hapa amezoea. Kilichotushinda ni kupe. Wewe ulikuwa unamlaza miguuni, unamtoa mmoja mmoja na kumtumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa. Mimi na mtoto, na palizi ya pamba, nikawa naruka siku. Masikio yakajaa.

Basi Baba Kabula akaona anisaidie. Siku ya josho aliwaswaga ng'ombe, na Mtasema akampeleka. Wakamsukuma kwenye dawa nyuma ya ndama. Alirudi amelowana, mwenzangu anajisifu: "Mama Kabula, kupe kwisha! Dawa ya ng'ombe haichagui."

Baba, nilikukumbuka. Si ulikuwa ukituambia, "Ng'wanone, mwanangu, ng'ombe akitoka joshoni anakaushwa na jua, mbwa anajilamba." Na alikuwa amejilamba njia nzima.

Ugali haujaiva, akaanza kutetemeka. Mate yakamtoka, yakawa povu. Akawa anajigonga ukutani. Nageuka, Kabula amemshika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Nilimnyakua. Mama Shija, jirani yetu, akaona lile povu, akapiga yowe: "Kichaa! Mbwa ana kichaa!" Neno hilo huku halisemwi mara mbili, tangu mtoto wa kijiji cha pili aumwe na mbwa, tukaenda kumzika. Wanaume wakaja na marungu, balozi wetu wa nyumba kumi mbele.

Mbwa nilikuwa nimeshamfungia kwenye banda la kuku. Nikasimama mlangoni.

"Mama Kabula, toka hapo. Tummalize kabla hajatumalizia watoto," balozi akasema.

Nikasema ametoka joshoni, ni dawa ile. "Kwani huyo anakamuliwa?" mmoja akauliza. Wakacheka, lakini marungu hayakushuka.

Nikamtazama Baba Kabula. Alijua kama nilivyojua. Lakini kusema mbele ya wanaume wenzake kwamba amemwogesha mbwa dawa ya mifugo! Akatazama chini. Nilimchukia, Baba, saa ile nilimchukia. Na mimi mwenyewe nilikuwa na hakika gani? Nimezuia mlango kwa ajili ya mbwa, na mwanangu ana mate yake mikononi. Kama ni kichaa kweli je?

Balozi akanishika bega anisogeze. Ndipo mume wangu akasema, "Mwacheni. Nilimtia mimi."

"Joshoni? Pamoja na ng'ombe?" balozi akauliza.

"Pamoja na ng'ombe."

"Wiki ijayo peleka na jogoo," Mama Shija akasema. Safari hii kicheko kilikuwa cha kweli, nami nikaanza kulia.

Balozi akampa Baba Kabula baiskeli yake akamlete bwana mifugo. Mimi nilimsugua Kabula mikono kwa sabuni mpaka akapiga kelele, nikamkimbiza zahanati. Mganga alitafuta mchubuko kidole kwa kidole, hakuuona. Akasema tumtazame mbwa, yeye ndiye atatuambia.

Bwana mifugo alijifunga mifuko ya nailoni mikononi, akamwosha Mtasema kwa sabuni na maji mengi. Kama ni sumu, akasema, atapona taratibu au atakufa upesi. Kama ni kichaa, kitajionyesha, lakini lazima tungoje. Afungwe peke yake, asiguswe na mtu.

Tukangoja. Kila asubuhi nilimwangalia Kabula kwanza, kisha nachungulia bandani. Mara amelala, nadhani amekufa. Mara ananguruma, nadhani ndiyo kimeanza. Halafu siku moja akanywa maji. Nyingine akala. Bado bwana mifugo akasema, subirini.

Leo amekuja, amemtazama macho, amesema, "Mfungueni." Baba Kabula ndiye aliyefungua kamba. Mtasema akajikung'uta, akatupita sote, akaenda moja kwa moja kwa balozi, nyumba ya pili, na kunywa maji ya kuku wake. Balozi, mzee mzima, kapandisha miguu yote kitini! "Mama Kabula, mwite mtu wako!"

Nimecheka, Baba. Sijacheka hivyo tangu uondoke.

Pumzika sasa. Bwana mifugo akileta chanjo, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, kamba ya Mtasema mkononi, na balozi nimeshamwambia naye alete mbwa wake wawili. Kabula akishika akili nitamwambia mbwa huyu ni wa babu yake.

Mwanao,
Mama Kabula