Sauti Ndani ya Kisanduku cha Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Basi la mtaani kwetu Small Heath limechelewa tena. Nimefika kiwandani nimelowa chapachapa. Bosi anataka maonyesho ya historia ya kampuni yawe tayari Ijumaa: tulivyoanza kutengeneza visanduku vyeusi vya kunasa sauti na habari za ndege (vyeusi gani, vyote rangi ya chungwa!) mpaka leo, ndege inatuma habari zake ikiwa bado angani. Ufunguo wa kabati la vitu vya kale nimepewa mimi. Kitu kikipotea, kazi imekwenda, na viza ya kuishi huku ughaibuni nayo.

Jumanne, 4 Machi
Mzee Harjit. Singasinga wa Kisumu, fundi mstaafu, ameitwa atusaidie kukumbuka. Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Simwamini. Anakizungukia kisanduku cha kwanza, kile cha majaribio kisichowahi kuruka, kama paka jikoni.

Jumatano, 5 Machi
Kisanduku hakipo! Niliacha ufunguo mezani nikaenda kuchemsha chai. Mjinga mimi. Harjit naye hakuonekana mchana kutwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Bosi sijamwambia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemkuta Harjit kwenye chumba cha zamani cha majaribio. Kisanduku kiko wazi, utepe wake wa sauti uko kwenye mashine. Nikaanza kufoka.

"Dada, ngoja kwanza. Sikia."

Mikwaruzo. Kisha sauti ya mwanamke, kwa Kiswahili: moja, mbili, tatu, leo baridi kali jamani, nne, tano.

Ni marehemu mkewe, Surinder, anasema. Enzi hizo kila kisanduku kilijaribiwa kwa sauti ya mfanyakazi, na zamu ile ilikuwa yake. Msimamizi alimwambia ahesabu. Hakusema kwa lugha gani. Harjit hana sauti yake nyingine popote. Aliogopa kuomba, asije akanyimwa.

Nina hasira naye. Angeniponza. Na bado nimelia kwenye basi, watu wakinitazama.

Ijumaa, 7 Machi
Kisanduku kimerudi kabatini. Nilimwambia bosi wageni waisikie sauti, akafurahi, akachapa kibao cha maelezo: "Mfanyakazi mmoja akihesabu." Wageni wamesikiliza, wamecheka kidogo, wamekwenda kula keki. Harjit alisimama pembeni, mikono nyuma.

Walipoondoka nimekibandua kibao. Nimeandika kingine kwa mkono: Surinder, wa Kisumu. Harjit akakisoma polepole.

Kabati lilikuwa bado wazi. Nikampa ufunguo, afunge yeye.