Nyumbani Hawajambo, Bwana

Mgodini, njia ya Geita
14 Agosti 1953

Dada yangu mpenzi Euphrasia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya, wewe na wote wa hapo Ushirombo, na kwamba mguu wako umeacha kukusumbua. Huku kwetu hatujambo. Mvua bado, vumbi la mashine za kusaga mawe limelala juu ya kila kitu, hata juu ya vitabu vyangu.

Unajua kwamba unyapara wa shimoni ndio uliotupa ile nyumba ya matofali. Mwezi uliopita tulitangaziwa kuwa kila mnyapara atapimwa Kiingereza na mzungu mgeni. Atakayeshindwa atarudi kusukuma vigari vya mawe, na nyumba ataiacha. Nkwabi wa winchi, ile mashine ya kupandisha mawe, alinitania kwamba sisi Wasumbwa turudi tu kwenye mizinga yetu, nyuki hawampimi mtu Kiingereza. Kisha akasema kwamba nikianguka mimi ninayesoma magazeti yao, hatapona mtu.

Hofu sikuwa nayo. Lugha hiyo nilifundishwa na marehemu Donatus, karani wa Kinyasa, tangu miaka ile nilipoondoka nyumbani, na sijaacha kuisoma.

Siku yangu ilikuwa Jumanne. Niliomba isogezwe, nikaambiwa haisogezwi. Nikavaa koti, nikaenda. Mzungu hakuwa mtu mbaya; alinipa kiti. Alitaka nieleze kazi ya baruti, nami nikaeleza, toka kutoboa mwamba hadi kuhesabu milio ili kujua kama kuna baruti iliyobaki bila kulipuka. Alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuandika. Halafu, nadhani kwa wema tu, akaniuliza habari za nyumbani, mke wangu hajambo?

Nilimjibu kwa Kiingereza kilichonyooka: "Hajambo, bwana. Tulimzika Jumapili."

Kalamu ikasimama. Akarudia swali polepole, kama anayesema na mtoto. Nami nikarudia jibu lile lile, maana sikuwa na lingine. Akamwambia karani wake, mbele yangu, kwamba mtu huyu amekariri maneno ya kazi tu, maana yake haijui. Nilielewa kila neno. Nikainuka, nikarudisha kiti mahali pake.

Wewe utanielewa, dada, maana mama alitulea pamoja: ukiulizwa hali, kwanza unasema njema, msiba hufuata, mtu akishaketi. Hata barua hii nimeianza hivyo. Paskalia alishikwa na homa Ijumaa, na Jumamosi akatutoka. Sikupata mtu wa kumtuma kwenu. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Watu niliwaacha mkekani nikaenda kupimwa, ili nisipoteze na nyumba aliyoipenda.

Jumatatu nitarudi kwenye vigari, na nitahamia chumba cha wasio na wake. Kinatosha. Sijalia bado, na sijui kama nitalia. Kanga zake nimezifunga. Nkwabi atakuletea pamoja na barua hii. Mpe maji, umwache apumzike.

Nisalimie wote, wakubwa kwa wadogo. Wakikuuliza habari zangu, waambie kwanza kwamba sijambo. Kisha wakae, uwasomee.

Ni mimi mdogo wako,
Kalisti